Jina Lililoachwa Getini

Katika nchi hiyo kila kitu hudumu miaka sita. Kofia ya majani, miaka sita. Godoro, miaka sita. Ahadi nayo ni miaka sita, ingawa nyingi huachia mishono mapema. Punda pekee ndiye anayevuka muda huo, na kwa sababu hiyo punda hatajwi katika hotuba. Rais pia hupewa miaka sita, si siku moja zaidi, kwani mababu wa nchi hiyo walipigana vita virefu, wakala mpungate pamoja na miiba yake, wakafa kwa maelfu, ili sentensi moja tu iandikwe katika katiba: aliyekwisha kukaa asikae tena. Watoto wote wanaijua sentensi hiyo, na ajabu yake ni kwamba watu wazima nao wanaitii.

Basi siku ya kwanza ya mwaka wa saba, saa tatu asubuhi, mtu mmoja alishuka ngazi za Ikulu akiwa na sanduku la nguo na mwavuli. Koti lake lilikuwa limepauka kote, isipokuwa mstari mmoja mweusi uliotoka begani hadi kiunoni. Hapo ndipo utepe wa rangi tatu ulipokuwa umelala kwa miaka sita, na jua halikupata ruhusa ya kupaona. Wakati wa kupanda, ngazi hizo zilikuwa arobaini na moja, alizihesabu mwenyewe huku bendi ikipiga. Sasa alizihesabu tena na kukuta kumi na mbili. Askari wa lango alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyekwisha kumaliza shule lakini bado anaonekana bwaloni na sahani mkononi.

Alikuwa na shughuli moja tu kabla ya kwenda nyumbani. Alitaka kuchukua jina lake.

Hakuna anayeingia Ikulu ya nchi hiyo na jina lake. Waziri, mwuza barafu, balozi, fundi bomba, Rais mwenyewe, kila mmoja hulitaja jina lake mbele ya kidirisha kilicho upande wa kulia wa lango, na Bi Casilda, karani wa lango, hulipokea, hulitia ndani ya kiberiti kitupu, hukisukuma kiberiti ndani ya shubaka lenye namba, kisha humpa mtu risiti. Jina la binadamu ni kitu kidogo sana. Linaenea ndani ya kiberiti na nafasi inabaki. Ukitega sikio utalisikia likitambaa humo kama nyenje. Watu wengi huingia saa mbili na kutoka saa nne, huchukua majina yao na kwenda zao bila kuona tofauti, labda kiwiko kimoja kuwasha kidogo. Rais ndiye anayekaa muda mrefu.

Naye alilihitaji jina lake kwa sababu ya mlango. Siku ya kuapishwa, miaka sita iliyopita, mkewe alikuwa amesimama naye hapo hapo getini, mke ameshika kikapu, mume ameshika hotuba, na mke alikuwa amesema hivi:

"Mimi siingii. Siwezi kulala kwenye kitanda chenye bendera. Ukimaliza, rudi nyumbani na jina lako. Utabisha, nitauliza ni nani, utajibu, nami nitafungua. Lakini ukija na cheo, nitakuambia hatununui kitu."

Mume alikuwa amecheka. Wakati ule alikuwa mtu wa kucheka.

Kwenye kidirisha palikuwa na foleni ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa amevaa utepe mpya unaong'aa, na alikuwa akilitaja jina lake kwa fahari, silabi baada ya silabi, lakini jina liliingia kiberitini kabla halijamfikia aliyesimama nyuma. Alipogeuka, Rais Mstaafu aliuona uso wake mwenyewe, ule wa miaka sita nyuma. Masharubu yalikuwa yaleyale, yaliyokatwa na kinyozi yuleyule, na kidevuni palikuwa na mkwaruzo uleule wa wembe uliopitishwa kwa haraka asubuhi ya furaha.

"Habari za asubuhi, mzee," alisema Rais mpya.

"Njema. Utepe wako umepinda."

Akaweka mwavuli chini, akaunyoosha utepe ule kwa vidole viwili, taratibu, kama mama anavyomweka sawa mtoto anayepelekwa shule ya bweni kwa mara ya kwanza. "Huwa unateleza ukivuta pumzi ndefu," alisema. "Kwa hiyo usivute pumzi ndefu. Utazoea."

"Kuna neno lolote la kuniachia?"

Kwa miaka sita alikuwa ameandika daftari zima la maneno ya kumwachia mtu huyo: juu ya wakulima wa mahindi, juu ya majenerali, juu ya majirani wa kaskazini wanaotabasamu kwa meno mengi. Sasa alipekua kichwa chake na kukuta neno moja tu limebaki.

"Risiti," alisema. "Usiitie mfukoni mwa koti."

Rais mpya alicheka kile kicheko cha adabu tunachompa mwalimu mkuu akitania, akapanda ngazi zake arobaini na moja. Bendi ikaanza. Nusu ya wapiga tarumbeta walikuwa wazee walewale.

"Risiti?" aliuliza Bi Casilda bila kuinua uso.

"Ndiyo hivyo. Ilikuwa kwenye koti la kijivu. Kifungo kilidondoka mwaka wa kwanza, nikalipeleka koti nyumbani likashonwe. Likarudi na kifungo, risiti haikurudi."

"Bila risiti sitoi."

"Bi Casilda, ni mimi."

"Kila mtu ni mimi, baba. Kutwa nzima napokea mimi tupu hapa." Hata hivyo aliinuka, magoti yakimlalamikia, akaenda kwenye shubaka namba moja, akarudi na kiberiti, akakiweka juu ya kibao cha dirisha. Kilikuwa na picha ya jogoo.

Rais Mstaafu alikitazama. "Hiki si changu. Changu kilikuwa na picha ya mlima wa moto."

"Najua. Kilichukuliwa."

"Na nani?"

"Na mwenye risiti."

Hapa inafaa kueleza Amri ya Ndugu. Siku ya pili ya utawala wake, kwa mkono wake na kwa moyo mweupe, alisaini amri kwamba ndugu yeyote wa Rais haruhusiwi kuvuka mlango wa Ikulu bila kuchukua namba na kukaa kwenye benchi la Alhamisi pamoja na wananchi wengine. Magazeti yalilia kwa furaha. Stempu ilitolewa, yenye picha ya benchi. Baada ya hapo binamu yake aliingia kama mshauri wa mambo ya maji, mjomba akaingia kama mshauri wa mshauri, na shemeji yake akaingia kwa mlango wa jikoni akiwa amebeba trei ya mayai, asitoke tena. Katika nchi nzima ni mtu mmoja tu aliyeisoma amri ile na kuitii.

"Mkeo alikuwa akija kila Alhamisi," alisema Bi Casilda. "Anachukua namba, anakaa mwisho wa benchi, chungu cha maharage mapajani kimefungwa kwa kitambaa. Mnafika namba kumi na tatu, siku inakwisha. Anakwenda zake. Alhamisi hamsini na mbili, baba. Maharage tulikuwa tukila sisi."

"Hakuna aliyeniambia."

"Kwenye karatasi pana mahali pa kujaza sababu ya kuja. Wengine huandika shamba, wengine huandika mtoto. Yeye aliandika neno lilelile kila wiki: Kumkumbusha jina lake."

Rais Mstaafu alishika kibao cha dirisha. Alikuwa akikumbuka ukuta. Upande wa pili wa ukuta wa ofisi yake kulikuwa na benchi lile, na kila Alhamisi benchi lilikohoa. Alikuwa akikaa mbele ya karatasi zake na kulisikia likikohoa kikohozi cha vumbi, cha kiwanda na cha uzee, na katikati ya vikohozi vyote hivyo kulikuwa na kimoja kifupi, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo la busara. Alikijua. Alikuwa amelala kando ya kikohozi hicho kwa miaka ishirini. Mara moja alimwuliza msaidizi wake, nani yuko nje, na msaidizi akajibu, hakuna mtu, Mheshimiwa, naye akaandika tarehe juu ya karatasi na kuendelea. Alhamisi iliyofuata kikohozi kilikuja tena. Hakuinuka kwenda kutazama. Mwisho wa mwaka ule wa kwanza alikuwa amechoka, na Alhamisi moja, saa sita kasoro dakika tano, aliomba kalamu na kuifuta Alhamisi.

Aliifuta kabisa. Amri yenyewe ilikuwa fupi: Kuanzia leo adhuhuri Alhamisi haipo. Baada ya Jumatano itafuata Ijumaa. Asiyeridhika awasilishe malalamiko yake siku ya Alhamisi.

"Ilifutwa watu wakiwa wameketi," alisema Bi Casilda. "Mkeo alikuwa ameinuka benchini dakika chache kabla. Alikuja hapa dirishani, akatoa risiti yako, akasema, nipe lake. Nikamwambia shubaka la Rais halikai tupu. Anayelichukua jina hilo huacha la kwake mahali pake. Hakufikiri hata kidogo. Akaliacha hilo la jogoo, akaondoka na lako."

"Na wale wengine? Waliokuwa wamekaa?"

Bi Casilda alimtazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa ya rangi ya chai.

"Benchi lipo," alisema. "Hatulioni tu, kwa sababu liko Alhamisi."

Nilitaka kupumzika. Siku moja tu katika saba, nani angeikosa? Nilitaka. Lakini ni nani aliyetaka? Mkono ni huu, una kovu la kisu cha kukatia mpungate, nilipata kovu hilo nikiwa na miaka tisa nyuma ya nyumba ya bibi. Mkono ni wangu. Kalamu ilikuwa ya serikali. Sauti iliyosema "futa" niliisikia kwa nje, kama mtu anavyojisikia akikoroma. Na kwa miaka mitano baada ya hapo jina langu halikuwamo hata getini. Halikuwa Ikulu. Lilikuwa wapi? Basi yule aliyekuwa akiamka kwenye kitanda chenye bendera, akinyoa, akitia saini, alikuwa nani? Na kwa nini hakuna aliyegundua? Na mimi je, kwa nini sikugundua?

Hayo alijisemea kimoyomoyo, mdomo ukicheza, huku Bi Casilda akiendelea kupanga viberiti. Na ni maswali ya haki. Watu hudhani kwamba kwanza yuko mtu, kisha mtu huyo hupewa madaraka, kama vile mtu hupewa koti. Pengine ni kinyume. Pengine koti liko siku zote, limesimama peke yake katikati ya chumba kwa ukaidi wake, na kila baada ya miaka sita huletwa mtu wa kulijaza ili lisionekane tupu. Mtu hutia mikono, hufunga vifungo, na kuanzia hapo mikono ya koti ndiyo inayoinuka, na mikono yake yeye hufuata. Akiwa na jina, labda hushtuka mara mojamoja. Husikia akiitwa kutoka mbali, hugeuka, na koti hulazimika kugeuka naye. Lakini jina likiwa limeachwa getini, hakuna wa kumwita. Rais hawezi kuitwa, anaweza tu kutajwa.

"Mpelekee," alisema Bi Casilda, akimsukumia kiberiti cha jogoo. "Usikifungue, jina halifunguliwi na mtu mwingine. Kusikiliza hakukatazwi. Na nikuambie jambo, baba, maana umri wetu unalingana. Leo huna jina, na amri zako zote hazina mwenyewe. Zinazurura kama mbwa wasio na kola. Siku utakayolivaa jina lako zitakunusa, zitakufuata hadi mlangoni. Wako wastaafu wengi wanaoishi vizuri bila jina. Wana bustani, wana kasuku. Wanaitwa Mheshimiwa mpaka wanakufa, na juu ya kaburi huandikwa Mheshimiwa, basi."

"Na wake zao?"

"Wake zao huwaita hivyohivyo."

Rais Mstaafu akakitia kiberiti kile mfukoni mwa shati, si mwa koti, akaondoka.

Njia ya kutoka Ikulu kwenda nyumbani kwake ilipita katika maisha yake kuanzia mwisho. Hakuna aliyeona ajabu. Barabara za huko zimejengwa hivyo, kwa mkopo. Kwanza alipita kwenye kuta za kampeni, kilomita nzima ya kuta nyeupe zilizopakwa maandishi ya rangi nyekundu: PIGIA KURA, kisha nafasi, kisha MTU WA WATU. Mahali pa jina rangi ilikuwa imebanduka yenyewe, katika kila ukuta, kwa urefu uleule, kana kwamba ulimi wa ng'ombe umepita hapo. Baadaye kidogo kuta zilikuwa za miaka ya nyuma zaidi, alipogombea ugavana, na picha yake ilikuwa na nywele. Kisha ubunge, na tai ya kuazima. Halafu kulikuwa na shule ndogo ya mawe, na dirishani alimwona kijana mwembamba akifundisha jiografia, amegeuzia darasa mgongo, akichora nchi ubaoni. Ilikuwa na umbo la pembe ya fahali. Nyuma yake wavulana wawili walikuwa wakimfungia kamba ya kiatu kwenye mguu wa meza, kwa utulivu na heshima kubwa.

Alisimama kutazama. Alijua kitakachotokea, naye alitaka sana kukiona tena. Kijana yule aligeuka, akasema "kwa hiyo mito yote," akaanguka na meza na ramani na kopo la chaki. Darasa likanyamaza kwa woga. Na kijana, akiwa bado sakafuni, chaki masharubuni, akaanza kucheka, akacheka mpaka wale wavulana wakaja kumfungua kamba wenyewe. Mmoja wao alimwita kwa jina. Rais Mstaafu aliuona mdomo wa mvulana ukifanya umbo la jina hilo, lakini kioo kilikuwa kimefungwa.

Alifika sokoni adhuhuri. Lilikuwa soko la vyungu, na halikuwa na siku. Tangu zamani wafinyanzi walishuka mlimani kila Alhamisi. Sasa walishuka na kukuta Ijumaa imekwisha kuanza, wauza samaki wamekaa katika nafasi zao. Walikuwa wamesimama pembeni na vyungu vyao migongoni, hawajui wavitue wapi. Walimwamkia kwa kugusa kofia. Hawakumjua, naye aliharakisha. Kwenye kona, chini ya kivuli cha kanisa, alikitoa kiberiti na kukitega sikioni. Ndani yake kitu kilikuwa kikitembea huku na huku kwa hatua fupi, kama mtu aliyevaa kandambili anayepika huku anawaza mambo mengine. Alisikiliza hadi kengele ya kanisa ilipolia. Lilikuwa jina zuri. Kwa miaka sita alikuwa akimwita, kwenye hotuba, Mama wa Taifa.

Nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka mwisho wa mtaa, mlango wa bluu. Jua lilikuwa kali, mtaa mzima umelala usingizi wa mchana, hata mbwa. Alibisha.

"Nani?" iliuliza sauti ya ndani. Kisha kikohozi kile kifupi.

"Mimi."

"Mimi nimo humu ndani. Wewe ni nani?"

Alifungua mdomo, na mahali pa jina palikuwa tupu kama pale kwenye kuta. "Rais Mstaafu," alisema kwa aibu.

"Hatununui."

"Amiri Jeshi Mkuu."

"Na hiyo tunayo."

"Profesa wa heshima wa vyuo vikuu vitatu."

"Ziache mlangoni, nitawapa kuku."

Alicheka, na kucheka kukamwumiza kidogo, kama mguu uliokufa ganzi unapoamka. Alikaa kitako juu ya sanduku lake. Angeweza kuondoka. Bustani, kasuku, Mheshimiwa. Badala yake alikitoa kiberiti cha jogoo, akakitega sikioni mara moja tena ili awe na hakika, akasimama, akavuta pumzi.

Sasa, lazima ijulikane kwamba kila mwaka, siku ya uhuru wao, Rais wa nchi hiyo hutoka kwenye roshani, hupiga kengele, na kuyataja kwa kelele majina ya mashujaa, na baada ya kila jina umati huitikia "Aishi!" hadi njiwa wote wanahama mji. Ukishafanya hivyo mara sita, koo hubaki na namna mbili tu: kunong'ona, au roshani. Naye hakutaka kunong'ona.

"Herlinda!" alinguruma.

"Aishi!" yakaitikia madirisha ya mtaa mzima kutoka usingizini.

"Herlinda!"

"Aishi!"

"Her–"

Mlango ulifunguka kiasi cha kiganja. "Punguza sauti," alisema mkewe. "Watu wamelala." Lakini macho yake yalikuwa yamejaa maji, na mdomo ulikuwa ukijitahidi kutocheka, na katika vita hivyo viwili alikuwa akishindwa kotekote.

Alikuwa amezeeka. Mume naye vilevile. Walitazamana kwa muda, kila mmoja akimsamehe mwenzake kwa mvi.

Ndani, meza ilikuwa imeandaliwa kwa watu wawili. Mbele ya kiti kimoja kulikuwa na chapati za mahindi zilizofunikwa kwa kitambaa na sahani ya maharage. Mbele ya kiti cha pili kulikuwa na kiberiti chenye picha ya mlima wa moto juu ya sahani tupu, na kando yake kikombe cha kahawa kidogo kama tondoo ya kidoleni mwa mshonaji.

"Huyo ndiye mume niliyekuwa naye miaka mitano," alisema Herlinda. "Mtulivu sana. Hahutubii. Namweleza habari za mtaa na ananisikiliza mpaka mwisho."

"Nitajitahidi kumfikia."

"Tutaona."

Alikipokea kiberiti cha jogoo, akakifungua kwa ukucha, akalichukua jina lake na kulitia nyuma ya sikio kama ua, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua ndoo. Kisha mume akanyoosha mkono kuchukua la kwake. Herlinda akaufunika mkono huo kwa mkono wake.

"Casilda amekuambia?"

"Ameniambia."

"Basi sikiliza la kwangu. Siku ile nilikuwa namba kumi na nne. Namba kumi na tano alikuwa Crispín, yule mfinyanzi, jirani yetu. Nilipoinuka kwenda dirishani nilimwambia, nishikie chungu, narudi sasa hivi. Akakipakata. Chungu changu kiko Alhamisi, na Crispín bado amekishika. Mkewe, Amparo, yupo nyumba ya pili hapo. Miaka mitano anabisha kila ofisi: nani aliifuta Alhamisi? Wanamwambia, Rais. Rais gani, anaitwa nani? Wanatafuta kwenye madaftari, hawaoni jina. Wanamwambia rudi Alhamisi. Na jina lilikuwa hapa mezani kwangu, linakunywa kahawa. Alikuwa akija kuazima chumvi, nami nikilifunika kwa kitambaa."

"Kwa nini?"

"Niliogopa atalivunja. Lilikuwa ndilo la pekee nililobaki nalo." Akauondoa mkono wake. "Leo amekusikia ukipiga makelele. Mtaa mzima umekusikia. Mlango wa nyuma uko wazi. Ukitoka sasa bila kulivaa, wewe ni Mheshimiwa tu, na hakuna atakayeweza kukushika shati. Sitakulaumu. Nitaendelea kumwekea huyu kahawa."

Nje, hatua za viatu vya majani zilikuwa zikivuka mtaa, polepole, zikasimama. Mlango ulibishwa mara tatu, kwa adabu ya mtu aliyekwisha kubisha milango mingi.

Aliyatazama maharage. Aliutazama mlango wa nyuma, na mwanga ulioingia kupitia kwake, na jogoo wa kweli aliyekuwa akitembea ndani ya mwanga huo bila wasiwasi wowote. Kisha akakifungua kiberiti. Alitarajia kishindo, lakini jina lilipanda kidoleni pake, jepesi, limekondeana kidogo, lina harufu ya kahawa na chaki, likaingia mahali pake kama mtoto anavyorudi kitandani pake gizani bila kupapasa. Na mara akazisikia. Mtaani kote, kutoka sokoni, kutoka shuleni, kutoka kwenye kuta zilizobanduka, amri zake zilikuwa zimeinua pua.

Akaenda mlangoni.

"Nani?" aliuliza, kwa kuwa ndiyo desturi ya nyumba ile.

"Amparo, mke wa Crispín. Na wewe unayeuliza ni nani?"

"Tiburcio," alisema. Haikuwa sauti ya roshani, na hakuna dirisha lililoitikia. Alifungua mlango wote. "Ni mimi niliyeifuta Alhamisi, mama. Kalamu sina tena. Lakini ni mimi, na ninaitwa Tiburcio."

Bi Amparo alikuwa mfupi kuliko alivyotarajia. Alilisema jina lile taratibu, mara mbili, kama mtu anayejaribu ufunguo. Hakulivunja. Alitoa katika mfuko wa aproni kipande cha bati alichokwangua mwenyewe namba kumi na tano, ya mumewe, akakiweka katika kiganja cha Tiburcio, akakifunga kiganja hicho kidole kimoja kimoja.

"Sikuja kwa ajili ya kalamu," alisema. "Nilikuwa nikitafuta mlango wa kungojea mbele yake."

Akaingia, akakaa kwenye kiti cha ukutani, kisha akasogea kando kidogo, kama watu wanavyofanya benchini, ili pabaki nafasi ya mtu mwingine. Tiburcio akaenda akakaa pale. Herlinda alichukua sahani ya tatu rafuni akaiweka mezani. Akasimama akifikiri, akasafisha koo, akaweka na ya nne.